Kisima cha Mwezini

Mgeni alifika Jumatatu saa nne asubuhi, wakati wa chai, saa ambayo kwa utaratibu wa nchi ile hakuna kitu kinachoruhusiwa kuingia ofisini isipokuwa sinia la maandazi. Alikuwa amepanda ngazi hadi ghorofa ya nane, kwa sababu lifti ilikuwa ya viongozi na ilikuwa chini ikiwasubiri. Akasimama mlangoni, mwekundu wa vumbi kuanzia nyusi hadi makubazi, dumu tupu la njano mkononi.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyemkaribisha, na wala haikuwa kwa utovu wa adabu. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Mwezi ilikuwa imezinduliwa miaka sita iliyopita, na katika miaka yote hiyo haikuwahi kubishiwa hodi na mwananchi. Watumishi walitazamana. Bi. Tausi, katibu muhtasi, alifungua Mwongozo wa Mapokezi, akapitia ukurasa wa mabalozi, ukurasa wa maaskofu na mashehe, ukurasa wa timu za mpira zilizoshinda na ule wa timu zilizoshindwa, kisha akaufunga.

"Huyu hana kipengele," akanong'ona.

Aliyenyanyuka ni Koleta Mahimbo, afisa mwenye miezi mitatu kazini na shahada ya elimu ya anga aliyoipata kwa alama za juu. Alipokuwa na miaka saba alimwuliza mama yake ni nani anaishi kule Mwezini, na mama yake, aliyekuwa akianika nguo, akajibu, "Hakuna mtu bado." Neno lile "bado" halikumtoka Koleta tangu siku hiyo. Alisoma fizikia kwa ajili yake. Aliomba kazi katika ofisi hii kwa ajili yake, na alipoona mlangoni pameandikwa WILAYA YA MWEZI kwa herufi za shaba, alilia kidogo, mbele ya mlinzi.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Umetokea wapi?"

"Natokea Mwezini."

Bi. Tausi akapiga ukelele. Watumishi wawili wakaingia chini ya meza. Mlango wa ndani ukafunguka, akatokea Mkuu wa Wilaya mwenyewe, Mheshimiwa Bruno Shekiondo, kipande cha andazi kikiwa bado kimemvimbisha shavu. Mheshimiwa alikuwa ameuongoza Mwezi kwa miaka sita bila kuukanyaga, tena kwa sifa kubwa: wilaya yake ndiyo pekee nchini isiyokuwa na mgogoro wa ardhi, wala kipindupindu, wala mpinzani hata mmoja. Kila mwaka alipewa Ngao ya Utulivu.

"Mwulizeni," akasema kwa sauti ya kutetemeka, "amekuja kwa amani au kwa malalamiko?"

"Kwa malalamiko," akajibu mgeni.

Mheshimiwa akarudi ndani na kufunga mlango kwa funguo.

Koleta alibaki akiangalia lile vumbi. Lakini vumbi la Mwezi, alijua, ni la kijivu, laini kama saruji na kali kama chupa iliyosagwa. Hili lilikuwa jekundu, na lilikuwa na harufu ya mbuzi.

"Baba," akauliza taratibu, "Mwezini sehemu gani?"

"Nzuguza," akasema yule mzee. "Nyuma ya zahanati."

*

Aliitwa Mzee Madeje, na kazi yake ilikuwa kuchimba visima. Alipewa kiti, akapewa chai, akaanza kueleza, na Koleta akaandika. Ndipo alipojua jinsi kijiji kizima kilivyosafiri hadi Mwezini.

Nchi jirani ilikuwa imetangaza kwamba ndani ya miaka kumi itapeleka raia wake kuishi Mwezini. Nchi ya kina Koleta haikuwahi kushindwa na jirani yeyote katika kutangaza, kwa hiyo ilitangaza kwamba yenyewe itawapeleka ndani ya miezi mitatu. Kamati ikaundwa. Kamati ikakaa siku arobaini kwenye hoteli yenye upepo mzuri, ikagundua vikwazo vitatu: hakuna roketi, hakuna mafuta ya roketi, na Mwezi uko mbali, karibu kilomita laki nne. Vikwazo viwili vya kwanza vilipelekwa kwenye kamati ndogo. Cha tatu kilimalizwa pale pale kwa kupunguza umbali.

Tangazo la Serikali Namba 11 likasema: "Eneo la Nzuguza, kwa kuwa lina ukame, vumbi na mashimo, litahesabiwa kuwa ni Mwezi kwa madhumuni yote ya kiutawala." Wataalamu walikuwa wamelinganisha picha za Nzuguza na picha za Mwezi. Zilifanana mno, na pale zilipotofautiana, Mwezi ndio ulioonekana umeendelea.

Basi asubuhi moja watu elfu mbili wakaamka wakiwa Mwezini, bila kupanda chombo, bila kufunga mkanda, bila hata kichefuchefu. Gazeti la serikali likaandika kwamba hiyo ndiyo safari ya anga iliyo salama kuliko zote katika historia ya binadamu, na kusema kweli hakuna aliyeweza kupinga.

"Mwanzoni tulifurahi," akasema Mzee Madeje. "Tulidhani tutaletewa barabara."

Zilizoletwa ni kanuni. Kwa kuwa Mwezini uzito wa kila kitu ni sehemu moja ya sita, mizani ya zahanati ilirekebishwa. Mtoto wa Mama Semeni, bonge la mtoto wa kilo tisa, akaandikwa kilo moja na nusu, na mama yake akapewa mhadhara wa lishe huku mtoto mwenyewe akitafuna kalamu ya muuguzi. Kwa kuwa watu wa Mwezini hawatembei bali huruka, kutembea kukapigwa marufuku kuanzia kwenye kibao cha kijiji. Wanawake walikwenda kuchota maji mtoni kilomita kumi na moja na kurudi wakiruka na ndoo kichwani, wakafika nyumbani na ndoo nusu. Na kwa kuwa Mwezini hakuna hewa ya kuchukua sauti, wananchi waliombwa kulalamika kimya kimya.

"Hayo yote tuliyavumilia," akasema Mzee Madeje. "Mtu mzima kuruka ni aibu, lakini aibu haiui. Mimi nimeletwa na kisima."

"Kisima gani, baba?"

"Nimechimba visima thelathini na saba maishani mwangu. Hiki cha Nzuguza ni cha thelathini na nane, na ndicho kirefu kuliko vyote. Nimefika futi sabini. Siku waliyonisimamisha, udongo ulikuwa umeanza kuwa wa baridi." Akainua kiganja kama vile ule udongo ulikuwa bado umo humo. "Udongo ukipoa hivi, maji hayako mbali. Yamebaki masaa mawili ya kazi, matatu yakizidi."

"Na waliokusimamisha walisema nini?"

"Walinisomea karatasi. Kwamba maji ya Mwezini yako kwenye ncha ya kusini tu, tena ni barafu. Anayechimba maji ya kunywa anapingana na sayansi, na kifungo chake ni siku tisini."

"Siku tisini si..."

"Siku za Mwezini."

Koleta akapiga hesabu. Siku moja ya Mwezini, tangu jua lichomoze hadi lichomoze tena, ni karibu siku ishirini na tisa na nusu za duniani. Kifungo kilikuwa cha zaidi ya miaka saba. Aliona haya, maana hesabu ile aliifundishwa chuoni na aliipenda.

Kwa miezi mitatu alikuwa akiandika taarifa za Nzuguza. Katika kila taarifa aliyokabidhiwa kuinakili, paliandikwa: uwanja wa mazoezi, usio na watu.

*

Mheshimiwa Shekiondo alikubali kulijadili ombi la kibali kupitia tundu la funguo.

"Binti, tumia akili," akasema. "Nikimruhusu achimbe na maji yakatoka, Mwezi utakuwa na maji. Mwezi ukiwa na maji, Kamati itauliza kwa nini hatukuripoti. Maji yasipotoka, nitakuwa nimetoboa Mwezi bila sababu. Kiongozi makini hufanya nini hapo?"

"Huenda kuangalia, Mheshimiwa?"

"Huenda kuangalia," ile sauti ikarudia, kama mtu anayeonja dawa. Kisha kipande cha karatasi kikapita chini ya mlango. Lilikuwa ombi la Mzee Madeje, limepigwa mhuri mzuri wa bluu: LIMEPOKELEWA.

"Na usisahau Jumamosi," akaongeza Mheshimiwa. "Jina lako ndilo la kwanza kwenye orodha."

Koleta hangeweza kusahau Jumamosi hata angepigwa nyundo kichwani. Jumamosi walikuwa wanakuja wakaguzi watatu wa Ushirika wa Makazi ya Mwezini, na hawa hawakuwa watu wa matangazo. Walikuwa na roketi. Walikuwa wanajenga makazi ya kweli kwenye Mwezi wa kweli, na katika kila nchi waliyotembelea walichukua kijana mmoja, asiyezidi miaka ishirini na saba, wakamfundisha miaka minne, wakampeleka. Nchi ile ingetembelewa mara moja tu. Koleta alikuwa anatimiza ishirini na saba mwezi uliofuata. Wa pili kwenye orodha alikuwa mpwa wa Mheshimiwa, kijana mpole aliyeamini kwamba Mwezi ni mgongo wa Jua.

Akarudi kwa Mzee Madeje na ile karatasi. Mzee aliutazama mhuri kwa muda.

"Maana yake ndiyo au hapana?"

"Maana yake... limefika, baba."

"Mimi pia nimefika," akasema mzee, akachukua dumu lake. "Basi nitachimba bila kibali. Jumamosi askari wote watakuwa uwanjani Nzuguza kwenye sherehe yenu. Shida yangu ni mshika kamba tu. Lugano amenishikia kamba miaka kumi na tisa, sasa wamemfanya Mwanaanga Msaidizi, haruhusiwi kutumia nguvu. Wengine wanaogopa jela. Na huwezi kushuka futi sabini bila mtu juu."

Koleta alisikia mdomo wake ukisema kabla yeye hajaamua.

"Mimi nitakuwa huko Jumamosi. Nitakushikia."

Mzee akamshika mikono, akaigeuza viganja juu. "Hii mikono ya kalamu."

"Nitavaa glavu."

"Za kulimia?"

"Za mwanaanga."

Mzee alicheka hadi vumbi likamdondoka kwenye nyusi. Halafu akaacha kucheka.

"Mwanangu, kamba si kitu cha kujaribu. Mimi nikiwa chini, wewe ndiye miguu yangu. Ukiiachia, nimekwisha."

"Siiachii mpaka utoke."

"Hata kukitokea nini?"

"Hata kukitokea nini, baba. Siiachii mpaka utoke."

Hakuona hatari yoyote katika ahadi hiyo. Kadi ya mwaliko ilisema sherehe itaanza saa tatu kamili asubuhi, na kila raia wa nchi ile alijua tafsiri yake: viti vitafika saa nne, turubai saa tano, na mgeni rasmi saa saba na nusu akiomba radhi kwa majukumu ya kitaifa. Hapakuwahi kutokea shughuli ya serikali iliyoanza kwa saa iliyotajwa. Mtu mmoja aliwahi kufika kwa wakati, miaka mingi iliyopita, akakamatwa kwa kuzurura eneo la tukio. Koleta angeshika kamba kuanzia saa mbili hadi saa tano, angenawa mikono, angebadilisha nguo, na bado angesubiri.

*

Msafara ulifika Nzuguza Ijumaa alasiri. Kwenye kibao kilichoandikwa KARIBU MWEZINI, ENDESHA POLEPOLE, magari yalisimama ili waheshimiwa wavae mavazi ya anga. Yalikuwa yameshonwa kwa maturubai ya rangi ya fedha, na helmeti zilikuwa za bodaboda. Fundi alikuwa hodari, ila hakupewa muda wa kutosha kushona vidole, kwa hiyo glavu zote ziliishia kama mifuko. Koleta peke yake ndiye aliyekuwa na glavu zenye vidole. Alizinunua dukani kwa mafundi wa kuchomelea.

Mheshimiwa Shekiondo alitoa mguu mmoja kutoka garini, akautazama ule mstari wa chokaa ambapo Mwezi ulianzia, akavuta pumzi, akaruka. Akaruka tena. Maafisa kumi na wanne wakamfuata wakirukaruka, makabrasha kwapani, wakitoa mlio wa mifuko ya maandazi. Kando ya njia walikaa wanawake wazima wa Nzuguza, khanga zimeziba midomo, machozi yakiwatiririka, mabega yakiwatikisika. Walikuwa wanacheka kimya kimya, kama kanuni inavyotaka.

"Wananchi wana nidhamu," akasema Mheshimiwa akihema.

"Na wana machozi ya furaha," akasema Bi. Tausi, ambaye helmeti yake ilikuwa imegeukia nyuma na hakuwa anaona kitu.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi Koleta alikuwa nyuma ya zahanati. Kisima kilikuwa shimo tu lililozungushiwa miiba, hatua mia mbili kutoka uwanjani. Pembeni palikuwa na nguzo nene ya mti mgumu iliyochimbiwa ardhini. Mzee Madeje alijifunga kamba kifuani, akaizungusha mara mbili kwenye nguzo, akampa Koleta ncha ajizungushie kiunoni.

"Ukuta nimeuchonga vijishimo vya kukanyagia, kupanda na kushuka nafanya mwenyewe. Wewe unalegeza nikishuka, unakaza nikisimama. Leo sipandishi udongo, natoboa tu lile tabaka la mwisho. Nikiuliza 'upo', unajibu."

"Nijibu nini?"

"Kwamba upo, mwanangu. Utajibu nini kingine?"

Akashuka. Kofia yake ikawa ndogo, ikawa doa, ikapotea. Kisha ikaja milio ya sururu, na kila baada ya muda sauti yake, nene kwa sababu ya shimo.

"Upo?"

"Nipo!"

"Huku chini anga ni kama sarafu. Ukikaa sana unaanza kudhani watu wa juu ni uongo. Nisimulie kitu."

Koleta akainama juu ya shimo, kamba imemkaza kiunoni, akamsimulia Mwezi. Mwezi ule mwingine. Kwamba watakaohamia hawataishi kwenye majumba ya vioo kama kwenye picha. Wataishi chini ya udongo, mita kadhaa chini, kwa sababu ya mionzi ya jua isiyokuwa na hewa ya kuizuia. Kwamba kuna mashimo makubwa ambayo jua halijaingia ndani yake kwa zaidi ya miaka milioni elfu, na humo ndimo barafu ilimo, na mtu atashuka gizani kuitafuta, tone kwa tone, kwa ajili ya kunywa na kupumua. Kwamba akiita nyumbani, sauti yake itachelewa zaidi kidogo ya sekunde moja kufika.

"Sekunde moja?" ikaja sauti kutoka chini. "Hawa wa wilayani wamechelewa miaka sita."

Koleta akacheka mpaka kamba ikatikisika.

"Usicheke ukiwa na kamba! Kwa hiyo kazi yenyewe ni kama hii."

"Ni kama hii, baba."

"Basi huko nako wasisahau mshika kamba." Sururu ikagonga mara mbili. "Na wewe unataka kwenda?"

"Nataka sana," akasema Koleta. Hakumwambia ni lini, wala kwamba ni leo.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili alipovisikia ving'ora.

Alidhani ni gari la wagonjwa. Halafu akaona vumbi, na ndani ya vumbi magari meusi, moja, mbili, tano, na bendera ya Waziri ikipepea. Wale wakaguzi watatu walikuwa wamesema, kwa upole tu, kwamba sherehe isipoanza saa tatu kamili wataondoka saa tatu na dakika moja, na Waziri kwa hofu alikuwa amelala ndani ya gari lake. Saa tatu kamili, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, shughuli ya serikali ilianza kwa wakati.

Nchi haikuwa imejiandaa kwa jambo kama hilo. Kwaya ilikuwa imevaa nusu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anaoga. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akalia waziwazi, akisema hajui cha kufanya na watu ambao wamekwisha kufika. Waziri akapewa dakika nne, na kwa mazoea alitumia tatu na nusu kuwatambua waliokaa meza kuu.

"Leo," akanguruma katika ile nusu dakika iliyobaki, "tumethibitisha kwamba Mwezi si mbali kwa taifa lenye maamuzi!"

Makofi yakapigwa kwa zile glavu za mifuko, pwa pwa pwa.

Kisha yakaja majina. Koleta aliujua utaratibu, maana ndiye aliyeuchapa. Jina litaitwa mara tatu. Mwenye jina atajibu kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa amesimama ndani ya duara la chokaa. Baada ya mara ya tatu, nafasi inakwenda kwa anayefuata.

"KOLETA MAHIMBO," kipaza sauti kikasema. "MARA YA KWANZA."

"Baba!" Koleta akapiga kelele shimoni. "Panda sasa! Panda haraka!"

Milio ya sururu ilikuwa imenyamaza. Kamba ikavutika ghafla, ikamburuta hatua mbili hadi bega likagonga nguzo.

"Upo?" Sauti ya mzee ilikuwa tofauti.

"Nipo! Kuna nini?"

"Ukuta wa chini umeporomoka. Umenikamata mguu mpaka gotini. Naweza kujitoa, lakini ukilegeza nazama. Usilegeze."

Koleta akaweka mguu kwenye nguzo, akajilaza nyuma kwa uzito wake wote. Glavu zilikuwa zimeanza kuchanika. Bi. Tausi akatokea upande wa zahanati akiruka, kisha akasahau kanuni akakimbia, helmeti mkononi.

"Koleta! Wewe mtoto wewe! Unaitwa huko, watu wote wanageuza shingo!"

"Bi. Tausi, nisaidie kushika!"

Bi. Tausi aliitupa helmeti, akaikumbatia kamba kwa ile mikono yake isiyokuwa na vidole. Ikateleza kama sabuni. Akajaribu kuzivua glavu kwa meno, lakini fundi alikuwa amezishonea kwenye vazi, na vazi lilifungwa mgongoni.

"Nifungue vifungo," akasema akilia.

"Nitakufunguaje? Mikono yangu ni hii."

Wakatazamana. Bi. Tausi alikuwa amefanya kazi serikalini miaka ishirini na saba na hakuwahi kukimbilia jambo lolote. Akageuka, akakimbia kuelekea uwanjani akipiga mayowe kwamba mtu yuko katika hatari ya kufa, wasubiri, msichana yuko, yuko pale nyuma. Koleta alimwona akifika meza kuu. Alimwona Mheshimiwa Shekiondo akimwonyesha kwa mkono duara la chokaa, lililokuwa tupu.

"KOLETA MAHIMBO. MARA YA PILI."

Hatua mia mbili. Alikuwa mwepesi, shuleni alikimbia mbio fupi. Aliwaona wale wakaguzi watatu wamekaa wima na madaftari yao, mmoja wao mama mwenye mvi akichungulia huku na huku kama anayemtafuta mtu. Aliwaza: nikiizungusha mara ya tatu kwenye nguzo, nikaipiga fundo, huenda ikashika. Huenda. Akaitazama kamba ilivyokuwa ikitetemeka, akatambua kwamba anamwita mtu kamba, na kwamba anatafuta namna ya kumfunga kwenye mti akaondoka.

Akajizungushia ile kamba kiunoni mara moja zaidi. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hapo hapo, hakujua kwa nini, alikuwa anataka kucheka, kwa sababu kwaya ilikuwa imechanganyikiwa na kuanza kuimba wimbo wa mazishi.

"KOLETA MAHIMBO. MARA YA TATU, NA YA MWISHO."

"Upo?" akaita Mzee Madeje.

"Nipo," akasema Koleta.

Kisha kipaza sauti kikasoma jina la pili, na yule mpwa mpole akaingia kwenye duara la chokaa akiwa amesukumwa, akaitikia, makofi yakapigwa, na mama mwenye mvi akaandika kitu kwenye daftari lake bila haraka.

Kule chini kukasikika mlio kama wa mtu mzima akinyonya kokwa la embe, na kamba ikawa nyepesi kidogo.

"Mguu umetoka!" akapaza sauti mzee. Halafu akakaa kimya, kimya kirefu, mpaka Koleta akaogopa.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Ngoja." Akasikika akichezesha kitu, chapa, chapa, kama mtoto kwenye dimbwi. "Mwanangu, makubazi yangu yanaelea."

Koleta akafunga macho. Mikono ilikuwa inawaka moto.

"Haya, napanda," akasema Mzee Madeje. "Vuta taratibu. Usiharakishe, hatuna tunachowahi."

Koleta akavuta taratibu.